Kulala ndani ya hema kwa kupenda



Tangu turudi kutoka Idjwi ninaulizwa swali moja kila ninapopita: sokoni Virunga, mlangoni mwa shule, hata kwenye matanga. "Mwalimu, ni kweli mlilala ndani ya shitingi siku tatu, na hakuna aliyewafukuza nyumbani?" Wengine wanauliza wakicheka. Wengine hawacheki hata kidogo, nami ninaelewa kwa nini.

Kwa ambao hawajasikia, habari ni hii. Katika likizo kubwa, wanawake sita wa kundi letu la AVEC tulivuka ziwa na baiskeli zetu, zile ambazo hapa kwetu tunaziita kinga, tukatembea kisiwani Idjwi siku nne na kulala usiku mara tatu ndani ya mahema tuliyobeba wenyewe. Hakuna aliyetutuma. Hakukuwa na mradi, wala mafunzo ya shirika lolote, wala tishati za kugawa. Katika sita hao, mmoja anauza sambaza, mmoja anashona, wawili wana vibanda vya unga, mmoja ni mkunga, na mimi ni mtu wa chaki. Wote ni wamama. Mkubwa wetu ana wajukuu wawili.

Kwingine duniani jambo hili lisingehitaji maelezo. Hapa Goma, neno "hema" lina uzito wake. Waliozaliwa kabla yangu wanakumbuka 1994. Wa rika langu wanakumbuka 2012, watu walipoikimbia kambi ya Kanyaruchinya kwa siku moja na kuelekea Mugunga na magodoro kichwani. Na sote tunakumbuka tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipotema moto usiku, na siku tano baadaye tulipoambiwa tutoke mjini: huyu analala Sake kando ya barabara, yule Minova, yule Gisenyi. Kwetu sisi, mtu analala nje kwa sababu amefukuzwa. Ukimwambia mama wa Goma kwamba unalipa pesa yako ukalale nje, anatafuta kwanza kujua nani amekupiga.

Ndiyo maana nimeomba ukurasa wote wa juma hili. Safari ilitufundisha mambo ya kufunga mizigo na kuchagua mahali pa kulala, lakini lililo kubwa zaidi lilitoka kwa yule dada yetu muuza sambaza, nami sikulitarajia. Nitafika huko.

Wazo lenyewe si geni. Ng'ambo ya ziwa, Rwanda imechora njia iitwayo Congo-Nil, kilomita 227 kutoka Gisenyi hadi upande wa Rusizi, na wageni wanatoka mbali kuja kuitembea kwa miguu na kwa baiskeli. Tunawaona pale Gisenyi na mikoba yao imefungwa pande mbili za gurudumu. Nikawa ninajiuliza, sisi tuliozaliwa juu ya ziwa hili tunalijua kwa namna gani? Tunalijua kama mahali pa kuteka maji, kufua, na kupandia mashua tukiwa na haraka. Tukachagua Idjwi kwa sababu magari ni machache, kisiwa kimekaa kwa amani miaka mingi wakati nchi kavu pande zote ilikuwa ikiwaka, na kila mama wa Goma tayari anakula nanasi zake. Kiutawala ni Kivu ya Kusini, lakini nanasi hazijui mpaka wa mkoa.

Pesa tulianza kuiweka mapema: franka 2,000 kila juma kwa majuma 30, mbali kabisa na sanduku la mikopo. Ninalisema wazi kwa sababu maneno yamekuwa mengi. Hakuna franka ya likelemba ya mtu iliyoguswa. Baiskeli mbili tulizikopa kwa kaka zetu, moja ni yangu ya kwendea shule, tatu tuliazima kwa fundi kwa bei ya siku. Ni zile nyeusi, nzito, zisizo na gia. Mahema mawili tuliyanunua sokoni, yametumika, na moja lilikuwa na tundu ambalo mshonaji wetu alilifunga vizuri kuliko kiwanda.

Wawili kati yetu hawakujua kuendesha. Walijifunza wakiwa na watoto watano na wanne, katika kiwanja cha shule, siku za Jumamosi mchana. Wasichana wa darasa langu walikuwa wanatazama kutoka ukutani, na wiki ya tatu waliacha kucheka wakaanza kutoa mashauri. Hapa ninataka kusema neno moja kwa wamama wenye mabinti. Ule usemi kwamba msichana akipanda kinga ataharibika au hatazaa, tuuache. Mkunga wetu, ambaye amepokea watoto wengi kuliko anavyoweza kuhesabu, anasema hajawahi kuona tumbo lililofungwa na kiti cha baiskeli. Yanayomharibu msichana ni kubeba bidoni ya lita 20 mgongoni kila asubuhi kabla ya shule, na hilo hatulipigii kelele.

Juu ya mavazi, mnyororo unakula kikwembe. Suruali ndani, kikwembe kifupi juu kikifungwa nyuma kwa fundo, basi heshima imebaki na mguu umepona. Na tuvae suruali ya ndani isiyo na mshono mnene pale pa kukalia. Kwa siku moja haina tofauti. Siku ya pili ndiyo utaujua ule mshono ulipo.

Sasa uzito. Wakati wa maandalizi niliwasimulia wenzangu habari ya mama mmoja wa Boston, Marekani, aliyeitwa Annie Cohen Kopchovsky, ambaye dunia ilimjua kwa jina la Annie Londonderry. Mwaka 1894, akiwa na watoto watatu wadogo, aliondoka kuizunguka dunia na baiskeli, ijapokuwa kabla ya hapo alikuwa karibu hajawahi kuipanda. Sehemu kubwa ya bahari na hata nchi kavu alivuka kwa meli na treni, na magazeti ya wakati ule yalimshangilia na kumsema vibaya kwa pamoja. Kitu kilichonishika mimi ni kidogo. Aliondoka na baiskeli yenye kilo 19 hivi, amevaa sketi ndefu za wakati wake. Alipofika Chicago alikuwa amechoka kiasi cha kutaka kuacha. Hapo akabadili: akachukua baiskeli ya kiume yenye nusu ya uzito ule, akavaa suruali pana, akaendelea. Alirudi mwaka 1895. Yaani kilichokaribia kumshinda mama yule si ukubwa wa dunia, ni kilo alizokuwa amekubali kuzibeba kwa sababu ndivyo ilivyokuwa desturi.

Baiskeli zetu hatukuwa na namna ya kuzipunguza. Tulipunguza mizigo. Jioni kabla ya safari tulikutana nyumbani kwa muuza sambaza na kila mtu akaweka furushi lake juu ya mizani yake ya samaki. Mpaka wetu ulikuwa kilo 9 kwa mtu, hema na chakula vikiwa ndani ya hesabu. Ilikuwa mchezo wa kuigiza. Mama mmoja alikuja na pasi. Mwingine alikuwa na sufuria tatu, "kwa ajili ya wageni wakija". Wageni gani, mama? Wewe ndiye mgeni! Tulicheka mpaka machozi, lakini baadaye nilifikiri sana juu ya ile sufuria ya tatu. Sisi wanawake hatujui kufunga mzigo wa mtu mmoja. Mkono unaenda wenyewe kwenye nguo ya mtoto, dawa ya baba, chumvi ya jirani. Kuondoa vitu vile kimoja kimoja ilichukua muda mrefu kuliko kuvipanga.

Vilivyobaki ni hivi: unga wa bugali, ndagala zilizokaushwa, karanga, chumvi na mafuta katika chupa ndogo, sufuria mbili kwa watu sita, blanketi moja kwa wawili, sweta, kwa maana ziwa letu liko juu ya mita 1,400 na usiku wa Julai hauna huruma, tochi, sabuni, vitambaa vya mwezi kwa kila mmoja hata asiyevitarajia, na kamba ya kuvianika juani bila aibu. Kwa baiskeli, pompi, gundi ya kuziba tundu, vipande vya mpira na shambre mbili. Tulifunga kila kitu kwa mipira iliyokatwa kutoka shambre za zamani. Kamba ya nailoni inalegea, mpira unashika.

Namna ya kufunga tulifundishwa na vijana wa chukudu. Ninashangaa kwamba tumewajengea sanamu ya dhahabu pale kwenye mzunguko wa barabara, na hatukai nao kuwauliza wanachojua. Kijana anayeshuka kutoka Kibumba na magunia ya viazi juu ya mbao na magurudumu mawili ni profesa wa mizigo. Alituambia: kizito kiwe chini, pande mbili zilingane, na mbele kusiwe kutupu kabisa, la sivyo kwenye kilima baiskeli itainua kichwa kama mbuzi. Na kwenye mteremko, anza kufunga breki kabla hujaogopa. Hayo mawili yalitusaidia kila siku.

Kuvuka ziwa nitakupitisha haraka. Uliza gile ya kuokoa kabla hujalipa nauli, si baada. Kama hakuna za kutosha, ngoja mashua nyingine. Kama watu wamekwisha kujaa na bado wanapakia magunia, shuka, hata kama wenzako wanakuona mwoga. Ziwa hili limetuzika watu wengi mno. Tulingoja tangu asubuhi hadi mchana kwa ajili hiyo, na mchana huo tulikula karanga za siku mbili, lakini tulivuka.

Siku ya kwanza kisiwani tulijiwekea kilomita 15 tu. Watu wenye nguvu wanafikiri ni kidogo. Lakini Idjwi haina tambarare. Ni kupanda katikati ya migomba na kahawa, kushuka hadi unaona maji, na kupanda tena. Tulisukuma baiskeli kwa miguu karibu nusu ya njia, na kusukuma ni sehemu ya safari, si kushindwa. Siku ya kwanza ni ya kujua ni kifungo gani kinalegea, nani ana goti bovu, nani hanywi maji mpaka aambiwe. Mwendo ukawa wa yule aliye wa polepole zaidi, naye tukamweka mbele. Ukimweka nyuma atakuwa anakimbiza migongo ya wenzake siku nzima, na jioni atafika amevunjika moyo.

Watoto walitukimbilia kila kijiji wakipiga kelele, "Wamama wa kinga!" Wanawake wa Idjwi, wengi na mizigo mgongoni na ukanda kwenye paji la uso, walisimama kutazama. Mmoja alituuliza tunauza nini. Tulipomwambia hatuuzi kitu, tunatembea tu, alizunguka baiskeli yangu polepole, akashika kile kiti cha nyuma, akakitikisa kuona kama ni imara, akauliza kinaweza kubeba kilo ngapi za kahawa. Nikamwambia labda 50, njia ikiwa nzuri. Alikaa kimya akifanya hesabu ya mgongo wake. Kahawa ya kisiwa kile kwa sehemu kubwa inapita mikononi mwa wanawake, na wako walioungana katika vyama vyao vya ushirika, lakini kutoka shambani hadi kwenye kiwanda cha kuoshea, usafiri ni shingo.

Jioni tulikwenda kwanza kwa shefu wa kijiji kabla ya kufungua furushi lolote. Hili msilipuuze. Beba kadi yako, beba barua ya kundi yenye muhuri, piga hodi jua likiwa bado juu, na useme mnatoka wapi, mko wangapi, mtaondoka lini. Saa kumi na mbili giza limeingia, na mgeni anayeonekana gizani si mgeni tena, ni mashaka. Alituonyesha uwanja wa kanisa, akatuma mama mmoja atuletee kuni. Hatukuhitaji mlinzi, kijiji kizima kilijua tulipo.

Hapo ndipo tulipofikia jambo lenyewe. Tulisimamisha mahema. Sisi watano tulikuwa tunashangilia kama wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Muuza sambaza alikaa kando, juu ya jiwe, mikono katikati ya magoti. Tulijua kwamba mwaka 2012 alikuwa Mugunga, msichana wa miaka kumi na sita, na mama yake na wadogo zake wanne. Tulijua kama watu wanavyojua habari za wenzao, kwa sentensi moja. Usiku ule hakuingia ndani ya hema. Alisema harufu ya ile plastiki ikipata joto inamrudisha. Alilala nje karibu na moto, amejifunga blanketi, na mkunga akatoka akalala naye. Hakuna aliyemsihi. Mimi nilikesha ndani nikijiuliza kama tumemletea rafiki yetu adhabu aliyoilipia franka 60,000.

Asubuhi nilimwambia kwamba tunaweza kurudi wote, mashua ipo. Alinitazama akasema, "Mwalimu, hili hema mmelisimamisha vibaya."

Siku ile ya pili, tulipofika mahali pa kulala, alituondoa. Alituambia tuketi. Alizunguka uwanja, akatazama nyasi zimelala upande gani, akajua maji ya mvua yanapita wapi ijapokuwa ilikuwa kiangazi. Akageuza mlango wa hema upande usio na upepo. Akakaza kamba kwa fundo ambalo sikuwahi kuliona, linalofunguka kwa kuvuta mara moja, "kwa sababu ukitakiwa kukimbia hutapata muda". Akakopa jembe, akachimba mfereji kuzunguka mahema yote mawili, upana wa kiganja, na mdomo wake ukielekea bondeni. Mama mmoja akamcheka: mvua ya Julai inatoka wapi? Akapanga mafiga chini ya ukingo, moto haukuona upepo, na bugali ikaiva kwa kuni nusu ya zile tulizotumia jana. Vyote alijifunza Mugunga, akiwa na miaka kumi na sita, juu ya mawe ya lava yasiyoingia kigingi.

Usiku mvua ikanyesha. Ilikuwa fupi, lakini nzito. Mfereji ukaimba hadi asubuhi, na ndani tulikuwa wakavu, naye akiwa katikati yetu, kwa maana safari hii aliingia. Hakusema neno. Aliyecheka mfereji ndiye aliyekuwa amelala karibu zaidi na ukuta wa hema.

Nimefundisha miaka kumi na moja, na pale ISP nilifundishwa kwamba mwalimu aanze na kile mwanafunzi anachokijua tayari. Nimeandika sentensi hiyo katika mtihani na kupata alama. Lakini sikuwahi kufikiri kwamba mji wetu umejaa wanawake wenye ujuzi ambao wazungu wanaununulia vitabu: kufunga nyumba yote kwa dakika kumi, kulinda moto, kugawa lita tano za maji kwa watu sita, kumtuliza mtoto gizani. Ujuzi huo ulinunuliwa kwa bei ambayo hakuna anayepaswa kuilipa, na siwezi kuusifu kana kwamba kambi ni shule. Siyo. Lakini niliuona ukitumika siku mbili mahali ambapo hakuna aliyekuwa anakimbia, na mikono iliyoutumia ilikuwa ya mtu mwingine kuliko aliyekaa juu ya jiwe jana yake.

Sisemi sasa kila mama aliyepitia kambi apelekwe kwenye hema. Anayesema hapana, ni hapana, na hatakiwi kutoa sababu. Mwenzetu alichagua mwenyewe, saa yake, na mlango ulikuwa wazi.

Nirudi kwenye mahali pa kulala, kwa sababu vijana wetu watataka kuiga, na wengine wataanza hapa karibu, upande wa Bulengo na njia ya Sake, badala ya kuvuka ziwa. Tafadhali, mazuku. Wote tunajua neno, lakini wengi wanafikiri ni mapepo tu. Ni hewa ya karboni inayotoka ardhini katika nchi hii ya volkano. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, haina rangi, haina harufu ya kukuonya, na inajikusanya mahali pa chini: mashimo, vibonde, mapango ya lava, kingo za ziwa zilizojificha upepo. Usiku ukiwa shwari inajaa, na asubuhi kabla jua na upepo havijaitawanya ndiyo hatari zaidi. Mtoto huipata kwanza kwa sababu pua yake iko karibu na ardhi, na mtu aliyelala chini yuko chini kuliko mtoto. Ukiona ndege, panya au wadudu wamekufa ndani ya kibonde bila kidonda, rudi nyuma. Mwenzako akianguka humo usirukie kumshika mkono. Wengi wamekufa wawili wawili na watatu watatu kwa namna hiyo. Na usilale kamwe katika kibonde eti kwa kuwa hakina upepo. Sisi mazuku tunayajua zaidi huku kati ya Goma na Sake, lakini sheria ya kupanda juu tuliibeba hadi kisiwani, na kila usiku tulilala mahali ambapo upepo ulituudhi.

Maji tulichemsha yote, jioni kwa ajili ya kesho. Nanasi tulikula kupita kiasi. Mmoja wetu tumbo lilimsumbua siku ya tatu, tukapumzika nusu siku kwenye kivuli cha mwembe, na ile nusu siku ndiyo ninayoikumbuka kwa utamu kuliko zote. Wanawake sita wamelala chali mchana, hakuna anayeita "Mama!", hakuna sufuria. Mkubwa wetu alisema hakumbuki mara ya mwisho alilala mchana bila kuwa mgonjwa au mzazi. Tulijaribu kukumbuka kila mmoja. Hakuna aliyepata.

Nyumbani hakuna aliyekufa. Watoto wangu walikula beinye na chai siku tatu mfululizo, na baba yao sasa anajua ni maji kiasi gani yanaingia katika bugali. Nyumba mbili kulikuwa na manung'uniko, na moja ya hizo bado ni baridi kidogo. Siwezi kuandika kwamba wote walitupokea na maua.

Katika mkutano wa AVEC mama mmoja alisimama akasema pesa ile, 60,000 mara sita, ingenunua mbuzi, na kwamba tunawafundisha mabinti kuzurura. Juu ya mbuzi ana haki; sisi sote tumewahi kukosa ada ya shule kwa kiasi kidogo kuliko hicho. Nilimjibu kwamba wanaume wetu hawaulizwi mbuzi wanapokwenda kutazama mpira. Makofi yalipigwa, lakini yeye hakupiga, na ninaheshimu hilo. Mkutano ulikubali kitu kimoja tu: sanduku la safari libaki mbali na sanduku la mikopo, na anayetaka aweke, asiyetaka asisukumwe.

Wako tisa sasa wanaoweka. Muuza sambaza ameomba safari ijayo aje na binti yake wa miaka kumi na mitatu, na amesema yeye ndiye atakayechagua mahema safari hii, kwa sababu yale tuliyonunua mshono wake wa chini ni wa kudanganya.

Kwa wanaotaka kujifunza kuendesha, kiwanja cha shule ni wazi kila Jumamosi kuanzia saa nane mchana. Baiskeli ziko tatu, tunapokezana. Vaeni suruali ndani ya kikwembe, na viatu vinavyofunga; sandali zinabaki kwenye mawe. Wamama wa umri wowote, na mabinti wakija na ruhusa ya mzazi. Juma lijalo nitajibu barua za wazazi juu ya madaftari na sare, nimezipata nyingi.